Funika majibu kwanza: tulivyopandisha maksi za Kusoma na Kuandika kwenye SAT

Mpwa wangu alipopata matokeo yake ya kwanza ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, hakusema kitu, alinipa simu mkononi akaingia chumbani akafunga mlango. Hesabu alikuwa yuko vizuri. Kusoma na Kuandika: 490. Sehemu hiyo inaanzia 200 mpaka 800 kwa hiyo 490 siyo kwamba ni aibu, lakini ilikuwa chini kabisa ya vile vyuo alivyokuwa ameviandika kwenye karatasi akaibandika ukutani, halafu kilichoniuma zaidi ni kwamba huyu ni mtoto msomaji, ndo yule ambaye akishika kitabu unamwita mara tatu hasikii, sasa inakuwaje mtoto wa namna hiyo apate 490 kwenye kusoma?

Swali hilo limenikalisha karibu mwaka mzima. Nilifundisha Kiingereza sekondari kabla sijahamia huku Marekani, kwa hiyo nilijiona najua pa kuanzia, kumbe mtihani huu una tabia zake ambazo lazima ukae nao uzisome. Tangu hapo nimeshakaa na watoto wengine sita wa ndugu na marafiki, wote nyumbani kwao wanaongea Kiswahili, na karibu wote niliwakuta na tatizo moja lilelile. Siyo msamiati. Siyo kasi. Siyo kwamba Kiingereza chao ni kibovu. Ni kwamba wanaangalia majibu mapema mno. Najua likisemwa hivi linaonekana dogo, ila mimi naamini ndo lenyewe, ndo maana naandika.

Kwanza tuuelewe mtihani, maana wazazi wengi bado wana picha ya zamani. SAT ya sasa inafanyiwa kwenye kompyuta, kwenye programu inaitwa Bluebook, nje ya Marekani walianza hivyo 2023 na humu ndani ikafuata Machi 2024. Kusoma na Kuandika kuna maswali 54 kwa dakika 64, yamegawanywa moduli mbili, kila moduli maswali 27 na dakika 32 zake. Yale maandiko marefu ya ukurasa mzima yenye maswali kumi chini yake hayapo tena. Unapewa aya fupi, maneno 25 mpaka 150 hivi, unaulizwa swali moja tu, unajibu, unahama, aya inayofuata inaweza kuwa shairi au popo au mahakama ya karne ya 19. Na hilo neno Kuandika lisikudanganye, hakuna insha. Insha iliingia 2005, ikafanywa ya hiari 2016, ikaondolewa 2021, imebaki kwenye baadhi ya majimbo tu wanapoufanyisha mtihani shuleni. Kuandika kwa siku hizi maana yake unapewa sentensi yenye pengo unachagua alama au kitenzi au kiunganishi kinachokaa sawa. Mpwa wangu alikuwa ameshatumia Jumapili tatu nzima anaandika insha na mimi nasahihisha kwa kalamu nyekundu, tena kwa moyo wote.

Tukampeleka tuisheni. Sitataji ni wapi, ila tulilipa hela ya maana, na kitu cha kwanza alichopewa ni orodha ya maneno elfu moja magumu ya Kiingereza, kila siku akariri thelathini. Mtoto akakariri kweli, vijikadi vimejaa kitandani, kwenye mkoba, mpaka kwenye gari. Baadaye nilipoanza kuchimba historia ya mtihani ndo nikaelewa ile orodha ilitoka wapi. Zamani SAT ilikuwa na maswali ya kinyume cha neno, yakatolewa 1994. Ilikuwa na yale ya kulinganisha jozi za maneno, yakatolewa 2005. Ilikuwa na yale ya kujaza sentensi kwa neno la ajabu ambalo hujawahi kulisikia, hayo nayo yakaondoka 2016. Yaani mwanangu alikuwa anakariri kwa ajili ya mtihani uliokwisha kufa miaka mingi nyuma. Nilisikitika sana, na bado nikiona mzazi ananunua vijikadi vile naumia, maana mtoto ana masaa machache tu kwa wiki na masaa hayo hayarudi.

Kitu cha pili walichomfanyisha ni mtihani mzima wa mazoezi kila Jumamosi. 490 tena. 510. 500. Kila akimaliza wanamwonyesha namba, wanamwambia ajitahidi zaidi, Jumamosi ijayo mtihani mwingine. Na mitihani halisi ya mazoezi iliyomo kwenye Bluebook ni ya bure na ni mizuri mno lakini iko michache, inahesabika, ukiitafuna yote kwa mwezi mmoja bila kukaa na makosa yako umejinyang'anya mwenyewe.

Basi nikamtoa tuisheni. Jioni moja nikavuta kiti nikakaa pembeni yake, nikamwambia fanya tu, mimi sisemi kitu, naangalia.

Kwenye Bluebook skrini imegawanyika katikati, aya iko kushoto, swali na majibu manne yako kulia. Mimi sikuangalia skrini, niliangalia macho yake. Yalienda kushoto kama sekunde kumi, yakaruka kulia, A, B, yakarudi kushoto kuitafuta B, yakaenda kulia C, yakarudi, D, yakarudi kwa A, kama mtu aliyepoteza funguo anafungua droo moja mara nne. Akabonyeza C. Nikamuuliza, aya imesema nini? Akaniambia bila kusita, na alichoniambia kilikuwa ni maneno ya jibu C, neno kwa neno. Hayakuwemo kwenye aya. Nikamwambia hebu nionyeshe wapi. Akatafuta, akatafuta, akaniangalia. "Mamdogo, mbona nilikuwa nimeyaona?"

Hapo ndo nilipoelewa. Alikuwa hajui tena kipi kimetoka kwenye aya na kipi kimetoka kwenye majibu, vyote vimechanganyika kichwani. Na ukifikiria ni kitu cha kawaida kabisa, yale majibu matatu ya uongo hayakutupwa tu pale, yameandikwa na watu hodari wa kazi yao, yanachukua maneno mawili matatu ya aya yanayageuza kidogo, yanazidisha kidogo, yanasema "daima" pale aya iliposema "mara nyingine". Ukiyasoma kabla hujawa na jibu lako mwenyewe yanakuingia na yanakaa. Na kadiri mtoto anavyokuwa msomaji mwenye mawazo mengi ndivyo yanavyomwingia zaidi, maana anaweza kuvitetea vyote vinne.

Nikachukua daftari nikalisimamisha juu ya nusu ya kulia ya skrini. Soma aya. Nikafunua mstari wa swali tu, majibu bado yamefunikwa. Sasa nijibu mimi, kwa Kiswahili.

Alikasirika, nakumbuka. Mtihani ni wa Kiingereza mamdogo, Kiswahili kinaingiaje. Nikamwambia kinaingia hivi, ukinijibu kwa Kiingereza utaokota maneno yaleyale ya aya unirudishie kama kasuku na mimi sitajua kama umeelewa, na wewe mwenyewe hutajua. Ukiniambia kwa Kiswahili huna pa kujificha, lazima uwe umelielewa ndo ulihamishe. Siku ya kwanza tulifanya maswali manane tu kwa saa nzima. Manane! Tuisheni walikuwa wanafanya hamsini. Lakini katika hayo manane alipata saba.

Nikupe mfano mmoja nilioutunga wa aina inayowaumiza wengi, ile ya ushahidi. Tuseme aya inasema watafiti fulani waligundua ndege wa mjini wanaimba kwa sauti nyembamba kuliko ndege wa aina hiyohiyo walioko msituni, wakadhani kwamba ndege wanaipandisha sauti ili isimezwe na muungurumo wa magari. Swali, matokeo yapi yakipatikana yataunga mkono dhana yao? Majibu sasa. La kwanza, ndege wa mjini ni wengi kuliko wa msituni. La pili, siku ambazo magari ni machache ndege walewale wa mjini wanaimba kwa sauti nzito zaidi. La tatu, kelele za mjini zinawasumbua wanyama wa aina nyingi. La nne, ndege wa msituni wanaimba muda mrefu zaidi kwa siku.

Mpwa wangu alichagua la tatu. "Lakini si ni kweli mamdogo?" Ni kweli mwanangu, na huenda hata ni muhimu, lakini swali halikukuuliza kitu gani ni kweli, lilikuuliza kitu gani kinaisaidia dhana hii hapa, ya sauti kupanda kwa ajili ya magari. Tukafunika tena. Nikamwambia niambie kwa maneno yako, dhana inasema nini, na ikiwa ni ya kweli ungetegemea kuona nini? Akakaa kimya kidogo akasema, kama ni magari, basi magari yakipungua na sauti ishuke. Nikafunua. Jibu lilikuwa limekaa pale linamsubiri. Alivyotabasamu siku ile mimi sitasahau, maana alikuwa ameacha kuchagua, alikuwa amejibu kisha akaenda kulitafuta jibu lake.

Hayo ya michoro na majedwali ni yaleyale. Kuna swali unapewa jedwali na sentensi ambayo haijamalizika, halafu majibu mawili au matatu yanasoma namba za jedwali sawasawa kabisa, hazina kosa, ila moja tu ndo inamalizia hoja iliyoanzishwa. Mtoto anayekimbilia kukagua namba atakuta zote sahihi atachanganyikiwa. Anayeanza na hoja hatapata shida.

Kwenye pengo la neno, hapo Kiswahili ndo kinang'aa. Yale maswali ya kwanza kwenye kila moduli huwa ni ya neno linalofaa kwenye pengo, na maneno yenyewe siyo ya ajabu sana siku hizi, ugumu uko kwenye kuisikia sentensi inataka nini. Tukawa tunafunika majibu anajaza pengo kwa Kiswahili kwanza. Aya inasema mwanasayansi alichapisha matokeo lakini akawa ... kuyaita ushahidi kamili kwa sababu sampuli ilikuwa ndogo. Anajaza: "akasitasita". Haya, sasa funua, tafuta neno la Kiingereza lenye kusitasita ndani yake. Hata kama kati ya yale manne hajui mawili, anajua anatafuta nini, na anaweza kuyaondoa yale anayoyajua kuwa hayasitisiti. Bluebook ina kitufe cha kukata jibu unalolikataa, atumie, usibebe majibu manne kichwani wakati mawili umeshayamaliza.

Na viunganishi, maswali yale ya "however" na "therefore" na "for example", hapo ndo usiangalie majibu kabisa kabisa. Soma sentensi ya kwanza, soma ya pili, jiulize katikati ningesema nini, hata hivyo? kwa hiyo? kwa mfano? vilevile? Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani hawezi kukosea hapo, sikio lake linajua kwamba huwezi kusema "alisoma sana, kwa hiyo akafeli" bila mtu kukugeukia. Kwa Kiingereza sikio hilo bado halijakomaa, kila kiunganishi kikiwekwa kinasikika kizuri na cha kisomi. Mazimu, binti wa rafiki yangu, alikuwa anakosa viunganishi vinne kwa moduli, alipoanza kujaza kwa Kiswahili kwanza akawa anakosa kimoja au hakuna.

Sasa nije kwenye sarufi, na hapa nawaomba wazazi wanisikilize vizuri maana ndiko kwenye maksi za karibu. Kanuni za Kiingereza ni maswali 11 mpaka 15 kati ya 54, kama robo hivi, ukijumlisha na viunganishi na yale ya kuunganisha notsi inakaribia nusu ya sehemu nzima, na ni kitu kinachofundishika kwa miezi miwili mtoto akiwa na nidhamu. Wengi wetu tunawaambia watoto Kiingereza chako siyo cha kuzaliwa nacho kwa hiyo sarufi itakusumbua. Mimi nimeona kinyume. Watoto waliozaliwa na lugha hii wanajibu kwa sikio, na maswali yametungwa makusudi kulilaghai sikio. Wa kwetu akifundishwa kanuni anaifuata.

Tena kuna kanuni anazo tayari hajui kama anazo. Kuna aina ya swali ambapo kiima kiko mbali na kitenzi, katikati wamejaza majina mengine ili usahau nani ni nani. Mpwa wangu alikuwa anayakosa hayo, anaweka kitenzi cha wingi kwa sababu jina lililo jirani ni la wingi. Nikamuuliza, utasema "kitabu cha watoto wa shule wamepotea"? Akashtuka kama nimemtukana. Kimepotea! Kwa nini ki? Kwa sababu ya kitabu. Na watoto je, si ndo wako karibu na kitenzi? Watoto hawajapotea mamdogo, kimepotea kitabu. Basi ndo hivohivo, nikamwambia, tafuta kitabu chako kwenye sentensi ya Kiingereza, wale watoto wa katikati waache wapite. Tangu siku hiyo akikutana na swali la namna hiyo ananong'ona "kitabu ki wapi".

Kuna pengine ambapo Kiswahili kinatuponza, na ni haki kusema. Sisi tunasema "nikitembea barabarani, mvua ikaninyeshea" na hakuna kosa, ni- ya mwanzo imeshasema nani anatembea. Kwa Kiingereza kile kitenzi cha "-ing" kinachoanza sentensi hakina mwenyewe ndani yake, kinamshika yeyote anayetokea baada ya koma, kwa hiyo ukiitafsiri hivyohivyo inakuwa mvua ndiyo inatembea barabarani. Watoto wetu hawaoni tatizo kwa sababu kichwani ile ni- bado ipo. Dawa yake ni moja, ukiona sentensi imeanza na kipande cha namna hiyo, uliza nani anafanya, kisha angalia neno la kwanza baada ya koma kama ndo huyo.

Na koma. Jamani koma. Sisi tukiandika tunavuta sentensi kwa koma mpaka pumzi ziishe, mnaona hata hapa ninavyoandika, na kwa barua ya ndugu au ujumbe wa simu haina shida, ila SAT sentensi mbili kamili haziunganishwi na koma peke yake, basi. Weka nukta, au nukta-mkato, au koma pamoja na "and", "but", "so" na ndugu zao. Nilimfundisha kusoma upande wa kushoto wa pengo peke yake, ni sentensi kamili? Kisha upande wa kulia peke yake, kamili? Zote kamili basi koma tupu imekufa, ikate. Na kitu kimoja kizuri sana, kwenye maswali haya nukta na nukta-mkato zinafanya kazi moja, kwa hiyo ukiona majibu mawili ni yaleyale ila moja lina nukta na jingine nukta-mkato, yote mawili siyo, maana jibu sahihi ni moja tu.

Yale ya mwisho ya kila moduli, ya notsi, usizisome notsi kwanza. Unapewa vidokezo vitano sita kuhusu kitu fulani na swali linasema mwanafunzi anataka kuonyesha tofauti kati ya vitu viwili, au kumtambulisha msanii kwa mtu asiyemjua. Anza na hilo lengo. Anataka tofauti, haya, jibu lipi lina tofauti ndani yake? Mara nyingi ni moja tu. Hapa peke yake ndo namruhusu mtoto kwenda kwenye majibu haraka, kwa sababu lengo lenyewe ndo jibu lililokwisha kusemwa.

Kuhusu muda. Dakika 32 kwa maswali 27 ni kama sekunde 71 kwa swali, na watu wakisikia kufunika majibu wanasema hatafika mwisho. Mwanzoni kweli hakufika. Wiki ya tano akawa anamaliza na dakika tatu mkononi, kwa sababu kile kilichokuwa kinamla muda siyo kusoma, ni kuzungukazunguka kati ya majibu. Sarufi na viunganishi na notsi viko nusu ya pili ya moduli, kuanzia kama swali la 15 au 16, na programu inakuruhusu kuruka na kurudi ndani ya moduli hiyohiyo, kwa hiyo yeye anaanza huko nyuma anakusanya zile za haraka halafu anarudi mwanzo kwa utulivu. Siyo kila mtoto anapenda hivyo, mmoja alijaribu akapotea, tukamwachia aende kwa mpangilio. Swali likikugomea weka alama ya bendera uende, na usiache tupu hata moja, kukosea hakukatwi maksi tangu 2016.

Ila moduli ya kwanza usiikimbize. Mtihani huu unajirekebisha, ukifanya vizuri moduli ya kwanza unapewa ya pili iliyo ngumu zaidi na hapo ndo zinapopatikana maksi za juu, ukivurunda unapewa nyepesi na hata ukipata zote kuna dari huwezi kulipita. Wale wanaosema watajikaza mwishoni, hapa mwishoni ni kuchelewa.

Daftari lile lililofunika skrini ndo likageuka kuwa la makosa. Kila swali alilokosa anaandika mistari mitatu kwa Kiswahili: nilichagua nini, kwa nini lilinivutia, neno gani kwenye aya lilikuwa linalikataa. Huo mstari wa pili ndo wenye dawa. Mwanzo alikuwa anaandika "sikuwa makini" kila mara, nikamkatalia, hilo siyo jibu, kila mtu aliyekosa hakuwa makini, niambie lilikuvutia kwa nini. Pole pole zikaanza kutoka sababu za kweli. "Nilipenda kwa sababu lilikuwa na neno gumu nililolikariri." "Nilidhani mwandishi ana hasira kwa sababu mimi nilikuwa na hasira." "Nilijua habari hii kutoka darasa la biolojia nikajibu nilichosoma biolojia." Ukurasa wa kumi na mbili alikuwa tayari anajijua: yeye tatizo lake ni kujibu kwa anachokijua badala ya kilichoandikwa. Mtoto mwingine tatizo lake lilikuwa kuogopa majibu mafupi, anadhani jibu refu ndo la wenye akili. Hakuna tuisheni ya watu thelathini itakayokwambia hilo. Huo ukurasa wa mazoezi wa College Board, ndo wenye mtihani, unakuonyesha kila swali ulilokosa na maelezo yake, kwa hiyo mtihani mmoja wa mazoezi sisi tuliula wiki mbili nzima, na mazoezi ya ziada tukachukua kwenye tovuti ya Khan Academy, ni ya bure na yametengenezwa kwa kushirikiana na wenye mtihani.

Mambo mawili ya haraka kwa wazazi wa huku kabla sijasahau. Kama hali ya kipato siyo nzuri muulizeni mshauri wa wanafunzi pale shuleni habari ya msamaha wa ada, mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 anayestahili anafanya SAT mara mbili bure. Na kama mtoto bado shuleni anahesabiwa kama anayejifunza Kiingereza, ulizeni kuhusu muda wa nyongeza kwenye ile SAT inayofanyika shuleni siku ya masomo. Wengi hawaulizi kwa kuona haya, wanadhani watamwaibisha mtoto. Ni haki yake, na maombi yanataka muda, msingoje wiki ya mwisho.

Alirudia mtihani miezi mitano baadaye. Niliogopa kitu kimoja, kule hakuna daftari la kusimamisha kwenye skrini. Alipotoka nikamuuliza tu umefanyaje, akaniambia "nilifunika kwa kiganja mamdogo, wale wa mstari wa nyuma sijui walinionaje, halafu kuanzia swali la kumi hivi nikasahau kufunika lakini macho yakawa hayaendi."

Matokeo yalipotoka safari hii hakunipa simu, alikuja akakaa palepale kwenye kiti changu. Kusoma na Kuandika 640. Hakushangilia, aliteremka chini moja kwa moja mpaka kwenye vile vimistari vinavyoonyesha kila eneo umesimama wapi, akaweka kidole kwenye kimstari cha kuelewa hoja na ushahidi, kile ambacho mara ya kwanza kilikuwa kimejaa kidogo tu, akakaa anakiangalia. Kisha akaomba daftari. Nilidhani anataka kulihifadhi. Alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akageuza, akapiga mstari juu ya ukurasa mpya akaandika jina la mdogo wake wa darasa la tisa.